Jiwe Halina Cheti cha Kuzaliwa

Julai 2024 nilimpeleka mama kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na jicho la kulia lilikuwa limefika hatua ya kumimina chai nje ya kikombe, halafu kikombe ndicho kinalaumiwa. Tulitoka Masakta alfajiri, Mlima Hanang ukiwa bado umejifunika wingu. Tulipofika dirishani, mhudumu akapokea kitambulisho cha taifa, akakisoma, akamtazama mama usoni, akakisoma tena.

"Mama, dirisha hili ni la wazee, kuanzia miaka sitini. Wewe hapa una hamsini na sita. Bado kijana."

Hakusema kwa ubaya. Waliokuwa nyuma yetu walicheka, na mama mwenyewe akacheka, maana ni muda mrefu hajaitwa kijana. Mimi ndiye sikucheka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiyejiweza anatakiwa atibiwe bila malipo. Namba ya kitambulisho cha mama inaanza na tarakimu 19680701. Mhudumu alisoma kilichoandikwa. Ningekuwa mimi upande wa pili wa kioo, ningesoma hichohicho.

Tarehe mosi Julai ni siku ya kuzaliwa ya watu wengi kwetu. Ndiyo wanayopewa wasioijua siku yao: katikati ya mwaka, mtu asipunjwe huku wala kule. Hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni huo mwaka, 1968, na nilijua ulikotoka, kwa sababu mama ametusimulia mara nyingi kama kichekesho.

Mwaka 1977 nchi ilipoanza Elimu ya Msingi kwa Wote, ile UPE, mama alikuwa msichana wa kuchunga ndama. Watoto walipimwa kwa mkono: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umefika umri wa shule. Mama aligusa sikio, akapitiliza mpaka shavuni. Alikuwa amezidi, tena sana. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha akamwangalia, akaona mtoto mwembamba mwenye hamu ya kusoma, akaandika kwamba amezaliwa 1968. Basi. Mama akapata madarasa manne kabla hajaolewa, na ndiyo maana leo anasoma Biblia na meseji zangu. Ule uongo ulikuwa zawadi. Shida ni kwamba karatasi ya shule ilizaa karatasi nyingine, na hiyo ikazaa nyingine, na miaka 47 baadaye zawadi ikageuka deni.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, mama kasinzia begani kwangu, nilijikuta nawaza habari za Kilwa. Msomaji utaniuliza Kilwa na macho ya mama vinahusiana nini. Subiri kidogo.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Kilwa kuandika habari za gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kuzalisha umeme 2004, kwa hiyo haikuwa habari mpya. Lakini nilikuwa na swali moja la kitoto lililokuwa linanikera: wanaochoronga kisima wanajuaje wamefika wapi? Kisima kinakwenda chini kilomita na zaidi. Hakuna mtu anayeshuka humo. Wanaona nini?

Nilimuuliza mwanajiolojia mmoja mstaafu. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kibonge cha udongo wa mfinyanzi wa kijivu, akakiloweka, akakiosha juu ya chujio lenye matundu madogo kuliko unene wa unywele, akakausha kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kama chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akakinyunyiza kwenye kisahani cheusi, akakiweka chini ya hadubini, akaniambia, "Tazama."

Ile chumvi ilikuwa na maumbo. Nyingine kama konokono aliyejikunja, nyingine kama bisi zilizoshikana, nyingine kama ua. Zilikuwa zinapitisha mwanga kama kioo. Nilidhani ni mchanga uliochongwa na mtu.

Hao, akaniambia, ni foraminifera. Ni viumbe vya baharini vya seli moja tu, na vingi hujijengea gamba la chokaa. Wengine hutambaa sakafuni mwa bahari, wengine huelea juu na mikondo ya maji. Wakifa, magamba huzama na kufunikwa na tope, na tope likikaa mamilioni ya miaka linakuwa mwamba. Kwa mtu anayetafuta umri wa mwamba, wale wanaoelea ni hazina kwa sababu tatu. Kwanza ni wengi: kijiko cha udongo kinaweza kubeba mamia. Pili, mikondo iliwatawanya mbali, kwa hiyo aina ileile inaweza kuonekana Kilwa na ikaonekana Italia. Tatu, hawakudumu. Aina moja inatokea, inaishi, inapotea, inakuja nyingine.

"Jiwe halina cheti cha kuzaliwa," akasema. "Unaliuliza lilikuwa na nani."

Kanuni yenyewe mtu anaweza kuieleza kwenye daladala. Tuseme aina ya kwanza iliishi zamani sana na ikatoweka wakati fulani. Aina ya pili ilitokea baadaye, lakini kabla ya ile ya kwanza haijatoweka. Ukiwakuta wote wawili kwenye tabaka moja, basi tabaka hilo ni la kile kipindi kifupi walichokutana. Huhitaji mtu wa kukuambia tarehe. Ongeza aina ya tatu, ya nne, ya kumi, na kipindi kinazidi kubanwa.

Hata hivyo wataalamu hawakuikubali mara moja. Mwaka 1921 huko Marekani, Esther Applin alisimama mbele ya wanasayansi akasema viumbe hawa wadogo wanaweza kutumika kujua umri wa miamba ya mafuta ya Ghuba ya Meksiko. Profesa mmoja alimdhihaki hadharani. Miaka minne baadaye Applin na wenzake wawili, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, wanawake watatu waliokuwa wameajiriwa na kampuni zinazoshindana, walichapisha kazi yao kwa pamoja. Baada ya hapo kampuni ya mafuta isiyokuwa na mtu wa hadubini ilikuwa inachoronga gizani.

Hapa kwetu tunapenda makubwa. Kila mwaka lazima bungeni au mitandaoni kuibuke habari ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye Wajerumani walimchimba Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo amesimama Berlin. Ni haki yetu kuuliza. Lakini wachache wanajua kwamba katikati ya matabaka yenye mifupa ile kuna matabaka ya mchanga wa bahari yenye makombe, na ni mabaki ya viumbe hao wadogo yaliyosaidia kusema kwamba mjusi aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mfupa mkubwa peke yake haujui umri wake.

Na udongo wa Kilwa wenyewe una heshima yake duniani. Kuanzia 2002 wanasayansi wakiongozwa na Paul Pearson wa Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, walichoronga visima vifupi vya utafiti kati ya Kilwa na Lindi. Mfinyanzi wa huko haupitishi maji, kwa hiyo magamba hayakuharibika. Yalibaki kama kioo, wakati kwenye sehemu nyingi za vilindi vya bahari yamegeuka meupe kama chaki. Magamba ya pwani yetu ndiyo yaliyochangia kuonyesha, katika makala ya mwaka 2001, kwamba katika zama za joto za kale bahari za tropiki zilifikia angalau nyuzi 28 hadi 32, wakati vipimo vya zamani vilivyotokana na magamba yaliyoharibika vilizionyesha zikiwa na baridi isiyoelezeka. Na mmoja wa watafiti hao ni Mtanzania, Joyce Singano wa TPDC. Kuna aina ya foraminifera iliyopewa jina mwaka 2014 kwa heshima yake: *Hantkenina singanoi*.

Hao Hantkenina ndio niliowapenda kuliko wote. Kila chumba cha gamba lao kina mwiba. Waliishi duniani miaka kama milioni 15, halafu wakatoweka miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati barafu kubwa ilipokuwa inaanza kuifunika Antaktika. Kutoweka kwao ndiko kunakotumika dunia nzima kama alama ya mwisho wa zama za Eosini na mwanzo wa Oligosini. Katika udongo wa rasi ya Pande, Kilwa, alama hiyo ipo. Unapanda na sampuli, unapanda, Hantkenina yupo, yupo, yupo. Halafu hayupo tena.

Niliandika habari yangu ya gesi. Mhariri alikata aya zote za foraminifera. Alikuwa sahihi, lakini nilibaki nazo.

Sasa Masakta hakuna bahari, na haijawahi kuwepo kwa namna ya kutuachia udongo wa aina ile. Sehemu hizi za nchi zimekaa juu ya miamba ambayo umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu, na juu yake volkano zimemwaga lava na majivu. Mlima Hanang wenyewe ni volkano, mtoto kabisa kwa hesabu za miamba. Ukimpelekea mtaalamu wa foraminifera ndoo ya udongo wa kwetu, ataosha, atatazama, atakurudishia ndoo. Lakini njia ya kufikiri haihitaji bahari. Jioni ile tulipofika nyumbani nilimwita mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki.

Nilichukua daftari. Mama akakaa kwenye kigoda karibu na moto, mjomba kwenye kiti, mimi katikati kama hakimu wa kujiteua.

Nilianza na mama. "Unakumbuka nini cha zamani kabisa?"

"Nakumbuka Uhuru," akasema bila kusita. "Watu wanaimba, bendera imepandishwa, tumepewa nyama."

Moyo wangu uliruka. Kama mtoto anakumbuka Desemba 1961, basi alizaliwa si baadaye ya 1957, na tatizo letu limekwisha. Lakini nilikumbuka onyo la mstaafu wa Kilwa. Kisima, alisema, unakisoma kuanzia juu kwenda chini, na kuta zake zinamomonyoka. Vipande vya juu, ambavyo ni vipya, vinaanguka na kuchanganyika na vya chini ambavyo ni vya kale. Usipojihadhari utasema kiumbe fulani kilikuwepo zamani sana, kumbe kimedondoka tu kutoka juu. Kumbukumbu za mtu nazo tunazisoma kuanzia leo kwenda nyuma.

"Bendera ilikuwaje?" nikauliza.

"Si hii hii ya siku zote. Kijani, nyeusi, ile ya bluu chini."

Mjomba akaguna. "Basi si Uhuru huo. Bendera ya Uhuru ilikuwa kijani, dhahabu na nyeusi. Bluu imekuja na Zanzibar."

Alikuwa sahihi. Bendera ya Tanganyika haikuwa na bluu. Bluu iliingia 1964 baada ya Muungano. Tukachambua mpaka tukaelewana kwamba mama anakumbuka sherehe za miaka kumi ya Uhuru, 1971, nyama ikiwemo. Kumbukumbu ilikuwa ya kweli kabisa. Ilikuwa tu imedondokea tabaka lisilo lake.

Tukahamia kwa mjomba. Siku ya Uhuru alikuwa mvulana wa kuchunga. Anakumbuka kwamba nyumbani walikuwa wavulana tu, na kwamba bibi, mama yao, alicheza ngoma usiku kucha. "Hakuwa na tumbo. Mwenye tumbo asingecheza vile." Nikaandika: mama hayupo, wala hakaribii kuzaliwa, Desemba 1961.

"Na mara ya kwanza unayomkumbuka yupo?"

Hapo mjomba alicheka peke yake kabla ya kutusimulia. Alikuwa ameanza shule. Mwaka mzima walikuwa wamejifunza kuandika neno Tanganyika, neno refu, linamaliza mstari. Halafu siku moja mwalimu akaingia, akafuta ubao, akasema nchi sasa inaitwa Tanzania. Mjomba akaandika jina jipya ukurasa mzima ili akamwonyeshe baba. Alipofika nyumbani akaliweka daftari chini aende kufunga ndama, na aliporudi alimkuta mdogo wake, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kuyumba, amechana ule ukurasa na nusu ameshaweka mdomoni.

"Nilichapwa mimi," mjomba akasema. "Kila nikisikia wimbo wa taifa nakumbuka."

Jina la Tanzania lilitangazwa mwishoni mwa Oktoba 1964. Mtoto anayetembea kwa kuyumba wakati huo hawezi kuwa amezaliwa baada ya mwanzo wa 1964. Na hawezi kuwa amezaliwa kabla ya katikati ya 1962, kwa sababu ya ile ngoma. Nilichora mistari miwili kwenye daftari, mmoja unaanzia hapa, mwingine unaishia pale, na mama alikuwa kati yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kingine ambacho Kilwa nilikipita juu juu. Foraminifera wanakupa mpangilio, nani kabla ya nani, lakini hawajui kuhesabu miaka. Namba zinatoka kwingine, na mojawapo ya vyanzo vikubwa ni majivu na lava za volkano, ambamo potasiamu hugeuka agoni polepole kwa kasi inayojulikana. Ukipata tabaka la majivu katikati ya matabaka ya bahari, unapata namba ya kulitundikia lile pangilio lote. Kwa njia hiyo, mwaka uleule wa 1961, Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba lile tabaka la Olduvai alikopatikana Zinjanthropus lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, karibu mara tatu ya ulivyodhaniwa. Kwa hiyo sisi wa huku kwenye volkano, tusio na konokono wa bahari, tuna namba. Wa pwani wana mpangilio. Mjomba alinipa mpangilio. Uhuru na jina la Tanzania, mambo ambayo tarehe zake zipo vitabuni, vikawa majivu yangu.

Ningeishia hapo ningekuwa na simulizi safi. Lakini mjomba alinyanyuka, akaenda kwake, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Jina la mama, la ubatizo na la baba yao. Mwaka wa kuzaliwa: 1959.

"Nilikuwa nimekisahau," akasema. "Kipelekeni hiki. Kwa hiki ana miaka sitini na tano. Hakuna atakayebisha."

Nilikigeuza huku na huku. Ni karatasi halisi, ina muhuri, ni ya kale kuliko kitu chochote nyumbani. Dirishani kingepita. Lakini mama alinyamaza kwa namna ambayo nilijua hajafurahi, halafu akanyoosha mkono, akakichukua, akakisogeza karibu na jicho la kushoto ambalo bado lilikuwa linaona kidogo.

"Hiki si changu. Ni cha dada."

Nilikuwa na miaka 35 na sikuwahi kusikia kwamba mama alikuwa na dada. Alizaliwa 1959, akabatizwa, akafa kwa surua kabla hata ya Uhuru. Ndiyo maana siku ya ngoma walikuwa wavulana tu. Mama alipozaliwa akapewa jina la marehemu, kama familia nyingi zinavyofanya, na cheti kikabaki kwenye bahasha kikingoja mtu wa kukitumia.

Kwa wanajiolojia jambo hili lina historia ndefu. Maji hukwangua mwamba wa kale, hubeba visukuku vyake na kuvizika upya katika tope jipya. Mtafiti akifungua tope lile anakuta kiumbe cha kale kabisa na anaweza kudanganyika kwamba tope nalo ni la kale. Ukiwa makini unamtambua: gamba limekwaruzika, rangi yake si ya wenzake, hafanani na alioishi nao. Si uongo, kwa sababu kisukuku ni cha kweli. Ni cha kweli mahali pengine.

Nakiri nilishawishika. Nilimwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba kwa vyovyote yeye ana zaidi ya sitini, ushahidi tunao, cheti hiki kinatufikisha palepale kwa njia fupi. Nani angeumia?

Mama akakikunja, akafuata mikunjo ileile ya zamani.

"Huyu mtoto hana kaburi tunalolijua," akasema. "Hana picha. Ana hii karatasi na miaka miwili. Nikiichukua mimi, atakuwa hakuzaliwa."

Mjomba akatazama moto. Sikuwa na la kusema.

Ile ya hospitali tuliilipia wenyewe. Tulichanga ndugu wanne, tukaanza na jicho la kulia. Sikutaka macho ya mama yangoje karatasi. Suala la umri tulilipeleka kwa wakili tukaandike hati ya kiapo, na hapo tukakutana na kikwazo cha mwisho: fomu inataka siku, mwezi na mwaka. Mwanajiolojia anaruhusiwa kuandika "kati ya hapa na pale" na anaheshimiwa kwa hilo. Fomu hairuhusu. Mama akagoma kuapa siku asiyoijua. "Nimeshaandikwa uongo mmoja, unatosha."

Wakili, kijana mvumilivu, akapata njia. Mjomba aliapa alichokijua: kwamba mdogo wake hakuwepo siku ya Uhuru, na kwamba alikuwa anatembea wakati nchi ilipobadili jina. Wakahitimisha kuwa alizaliwa kati ya katikati ya 1962 na mwanzo wa 1964, na kwa ajili ya kumbukumbu za serikali watumie tarehe mosi Julai 1963. Mama aliridhika, kwa kuwa sentensi ilisema wazi kwamba siku imechaguliwa, si kwamba inajulikana. Kisha akaomba iongezwe sentensi moja, na wakili akauliza mara mbili kama inahitajika, na mama akasema inahitajika. Inasema kwamba alitanguliwa na dada mwenye jina hilohilo, aliyezaliwa 1959 na kufariki akiwa mdogo. Ninavyojua mimi, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza inayosema kwamba yule mtoto alikufa.

Wakati tunasubiri kupigiwa muhuri, mama mmoja kijana alikuwa pembeni na mtoto mgongoni, anahojiwa na mwenzake mtoto ana umri gani. Akajibu, "Huyu? Alikuwa na siku tatu siku ya tope." Hakuna aliyeuliza tope lipi. Desemba 3, 2023, upande wa Mlima Hanang uliporomoka, tope, mawe na miti vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Nilikwenda kuandika habari zile. Nilikanyaga tope lililokuwa na madaftari, viatu, sufuria. Kwa wilaya yetu hilo sasa ni tabaka, na kwa miaka mingi watu watahesabiwa kwalo: aliyekuwepo kabla, aliyezaliwa baada.

Wiki mbili baada ya upasuaji nilikwenda Masakta kumwona. Kitambaa kilikuwa kimeshatolewa na alikuwa ananiambia kwamba nimezeeka. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya Hantkenina, nimeikuza ikajaa kioo. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu kwa lile jicho jipya.

"Mbigili," akasema.

Nikamwambia si mbigili, ni mdudu wa bahari, mdogo kuliko punje ya ulezi, na ameshatoweka miaka milioni 34. Akataka kujua tumejuaje. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: unapanda na udongo, tabaka kwa tabaka, yupo, yupo, halafu hayupo tena.

"Na waliokuwa naye wanabaki?"

"Wengine wanabaki, ndiyo."

Akanirudishia simu, akaenda kumimina chai. Yote iliingia kikombeni.